Mgomo si fujo: igizo la Chechelesi na lugha ya ujira

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili mtaani Chechelesi, Isiolo, alinipigia simu na kuniomba jambo moja. "Mwalimu, njoo utazame mazoezi yetu, kisha utuambie ukweli. Usituonee haya." Nilipanda matatu nikateremka kutoka baridi ya Timau hadi kwenye joto la Isiolo, nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya jukwaa lililoundwa kwa meza za darasani zilizounganishwa. Nilichokiona na kukisikia hapo ndicho kiini cha makala haya.

Igizo lenyewe ni la nyimbo, yaani wahusika huzungumza, kisha hisia zikiwazidi huimba. Linasimulia kisa cha wanawake wa kiwanda cha magari cha Ford kule Dagenham, mashariki mwa London. Tarehe 7 Juni 1968, wanawake 187 walioshona vitambaa vya viti vya magari walizima cherehani zao wakatoka nje. Gari lisilo na viti haliuziki. Haukupita muda mrefu kiwanda kizima kikakwama. Baada ya majuma matatu hivi, waziri aliyesimamia masuala ya ajira, Barbara Castle, aliketi nao na suluhu ikapatikana. Miaka miwili baadaye bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Malipo Sawa ya 1970.

Kisa hicho kilitengenezewa filamu, Made in Dagenham, mnamo 2010, na igizo la nyimbo la jina hilohilo lililoonyeshwa katika ukumbi wa Adelphi, London, kuanzia 2014. Mwalimu wa Chechelesi hakulitafsiri igizo hilo. Alifanya vyema. Nyimbo zile zina wenyewe, na shule inayotaka kuziimba sharti iombe kibali na kulipa ada. Historia, kwa upande mwingine, haina hakimiliki. Mwalimu alisoma kisa, akaandika mazungumzo yake mwenyewe, na wanafunzi wakatunga nyimbo zao. Kila shule inayopenda hadithi ya mbali ingefaa kuiga mfano huo.

Nianze na sifa. Katika onyesho la pili, wafanyakazi wanaingia ofisini kwa meneja wakiimba neno moja tu: "Sawa! Sawa! Sawa!" Wanadai malipo sawa. Meneja, bila hata kuinua uso kutoka kwenye makaratasi yake, anawajibu, "Sawa, sawa." Wanatoka wakishangilia, kumbe hawajapewa chochote. Kila Mkenya anaijua "sawa" hiyo. Ni "sawa" ya ofisini, ile ya "nimekusikia, sasa nenda." Neno moja limebeba usawa na limebeba pia kupuuzwa. Mzaha huo usingewezekana kwa Kiingereza. Umechimbwa ndani ya Kiswahili, nami nilicheka hadi miwani ikanitoka.

Lakini niliitwa kusema ukweli, nami nina hoja tatu.

Hoja ya kwanza inahusu madai yenyewe. Kote katika igizo wanawake wanaimba "kazi sawa, malipo sawa." Maneno hayo yanaimbika vizuri, ila hayatoshi. Washonaji wa Dagenham hawakuwa wakifanya kazi sawa na ya wanaume. Wanaume hawakushona viti. Lalamiko lao la kwanza lilikuwa kwamba kampuni ilikuwa imewaweka katika daraja B, la wasio na ustadi, ilhali wanaume waliofanya kazi isiyohitaji ujuzi zaidi ya wao waliwekwa daraja C. Juu ya hayo, hata ndani ya daraja B walilipwa asilimia 85 ya kiwango cha mwanamume. Wanaume wenye cheo hichohicho, hata aliyefagia sakafu, waliwapita kwa mshahara.

Kwa hivyo dai zito lilikuwa "malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa." Tofauti hiyo si ya kupasua nywele. Sheria yetu ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mkataba nambari 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1951, ambao Kenya iliuridhia 2001, unasema vivyo hivyo. Ukisema "kazi sawa" pekee, mwajiri atakujibu kwamba mpishi wa kike na dereva wa kiume hawafanyi kazi sawa, na hoja yako itakuwa imekwisha. Ukisema "thamani sawa," unamlazimisha aeleze nani aliipima thamani hiyo, na kwa mizani gani.

Na hapo ndipo lugha inapoingia, kwa sababu mizani ya kwanza ni jina. Tuchunguze majina yetu wenyewe. Mwanamume akifua nguo za watu kwa malipo ni dobi, na pengine ana kibanda chenye bango. Mwanamke akifua nguo zizo hizo kwa mikono yake ni "mama fua." Mwanamume mwenye cherehani kwenye baraza ya duka ni fundi. Mwanamke mwenye cherehani nyumbani "anashonashona." Mwanamume ana kazi, mkewe "anamsaidia." Hakuna sheria iliyotunga majina hayo, lakini ndiyo tunayokwenda nayo sokoni siku ya kupatana bei. Aliyeitwa fundi huulizwa, "Unataka ngapi?" Aliyeitwa mama fua huambiwa, "Nitakupa hii."

Historia yetu inathibitisha jambo hili. Kipande, ile hati ya ukoloni iliyoning'inizwa shingoni, kilikuwa cha wanaume Waafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi. Wanawake hawakupewa. Ilikuwa nafuu, maana kipande kilikuwa fedheha. Hata hivyo, wanawake na wasichana walikuwa wakifanyishwa kazi katika mashamba ya kahawa ya walowezi, na Harry Thuku alipaza sauti dhidi ya jambo hilo. Mbele ya daftari la serikali, basi, mwanamke aliyechuma kahawa kutwa hakuwa na hati ya mfanyakazi. Thuku alipokamatwa, Machi 1922, ni Mary Muthoni Nyanjiru aliyewachochea wanaume waliosita mbele ya kituo cha polisi Nairobi, naye akawa miongoni mwa waliouawa kwa risasi. Mwalimu angetafuta mstari mmoja wa kuiunganisha Dagenham na Nairobi, ninamwachia huo.

Wala tusidhani kwamba masuala haya ni ya vibarua tu. Katika miaka ya 1970, Wangari Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya walipambana na Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu marupurupu ya wahadhiri wanawake. Mhadhiri aliyeolewa alichukuliwa kuwa mtu wa kutunzwa na mumewe, basi ya nini kumpa marupurupu ya nyumba? Shahada ilikuwa ileile, darasa lilelile, chaki ileile. Kilichotofautiana ni neno "mke."

Hoja ya pili inahusu usemi wa wahusika. Katika igizo hili, meneja anazungumza Kiswahili sanifu kilichonyooka, ilhali wafanyakazi wanaongea kwa kuvunjavunja ngeli ili hadhira icheke. Watu watadhani profesa wa lugha analalamikia sarufi. La hasha. Kiswahili cha mitaa ya Isiolo, kilichochanganyikana na Kiborana, Kisomali, Kimeru na Kiturkana, ni lugha hai na kina ufasaha wake. Ningefurahi kukisikia jukwaani kwa dhati. Kinachonikera ni kwamba hapa kimefanywa kichekesho. Mwanamke anapofikia kusema neno zito kuhusu ujira wake, hadhira tayari imefunzwa kumcheka kila afunguapo kinywa.

Nilimkumbusha mwalimu tamthilia ya Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, iliyochapishwa 1981. Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi katika shamba la mlowezi Delamon, haongei kama kikaragosi. Anajenga hoja. Anapingwa na mwajiri, na anapingwa na mila nyumbani pia, na pande zote mbili anazijibu kwa akili yake. Lanina alitangulia kufika kwenye jukwaa la Kiswahili miongo mitatu kabla ya wanawake wa Dagenham kuimbiwa London. Tunayo hazina hiyo chini ya kitanda chetu, nasi tunakwenda kukopa kwa jirani.

Kasoro hiyohiyo imo katika onyesho la mume anayeachiwa jikoni. Anaunguza ugali, anamfunga mtoto nepi kichwani, ukumbi unavunjika mbavu. Ni vizuri kucheka. Ila kicheko hicho kinasema nini? Kinasema kwamba jikoni si mahali pa mwanamume, na hilo ndilo igizo lilisimama kulipinga. Nilipendekeza aunguze ugali mara ya kwanza, na mara ya pili aupike ukaiva.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi, na haikutoka jukwaani. Baada ya mazoezi mwalimu alinionyesha mswada. Mmoja wa wasimamizi wa shule alikuwa amelipigia mstari neno "mgomo" kila lilipotokea, kwa kalamu nyekundu, na kuandika pembeni, "Badilisha. Weka mazungumzo."

Simlaumu upesi. Katika shule zetu, neno "mgomo" linanuka moshi. Msimamizi akilisikia anaona mabweni yakiteketea na wazazi wakisimama langoni. Lakini tatizo hapo ni kwamba tumelitwika neno mzigo usiokuwa wake. Kugoma ni kukataa kuendelea. Ni kuweka chombo chini. Anayechoma bweni hagomi, anateketeza. Anayerusha mawe hagomi, anafanya fujo. Wanawake wa Dagenham hawakuvunja cherehani hata moja. Walizizima tu. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Tukilifuta neno hilo kwenye midomo ya vijana, wataijuaje haki hiyo siku watakapoihitaji? Tena watabaki wakijua njia moja tu ya kusema hapana, ile ya kiberiti.

Hofu ya neno jukwaani ina historia ndefu kwetu. Mazrui alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya Kilio cha Haki kuchapishwa. Mnamo 2013, wasichana wa Butere walihitaji agizo la Mahakama Kuu ili Shackles of Doom ichezwe. Aprili 2025, kule Nakuru, shule hiyohiyo ilijikuta tena katika mzozo na Echoes of War, na gesi ya kutoa machozi ikarushwa mahali ambapo watoto walikuja kuigiza. Ukiondoa neno kimyakimya kwenye mswada huhitaji gesi, ila matokeo yanakaribiana.

Nikaongeza ushauri mmoja kuhusu mwisho. Igizo linafunga kwa shangwe, sawa na lile la London. Ukweli ni mchungu kidogo. Washonaji walirudi kazini wakilipwa asilimia 92 ya kiwango cha wanaume, si 100. Sheria ya 1970 haikuanza kutumika hadi mwisho wa 1975. Na lile dai la kwanza, la kutambuliwa kuwa wana ustadi, lilitimizwa 1984, baada ya mgomo mwingine. Miaka 16! Onyesho moja fupi, la mwanamke aliyezeeka kwenye cherehani yuleyule akisomewa barua ya kupandishwa daraja, lingewafaa watazamaji kuliko nderemo.

Nilipomaliza, msichana anayeigiza kiongozi wa washonaji aliinua mkono. "Prof, mimi nina swali. Mama yangu anauza maziwa ya ngamia. Anaamka saa kumi, anakusanya madumu, anayapeleka stendi yaende Eastleigh. Bei wanapanga wengine huko. Yeye hana mwajiri. Sasa yeye akitaka kugoma, anagomea nani?"

Nimefundisha zaidi ya miaka 30 na sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba hapo Isiolo wanawake wa maziwa ya ngamia wamewahi kuungana katika chama cha ushirika, Anolei, ili sauti moja ya bei isimezwe. Nilimwambia pia kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya malipo ya aliyeajiriwa, yaani ujira, mshahara, posho, lakini malipo ya mtu kama mama yake tunayaita "faida," hata pale ambapo jasho lake halijahesabiwa. Alitikisa kichwa polepole. Kisha akasema, "Basi hilo swali tuliweke ndani ya mchezo."

Mwalimu alinitazama, nami nikamtazama. Nadhani huo ndio wimbo wa mwisho unaokosekana. Hadi nikiandika makala haya, neno "mgomo" bado limo kwenye mswada, chini ya mstari mwekundu, likisubiri uamuzi. Ombi langu kwa msimamizi ni dogo: kabla hujalifuta, keti kwenye kile kiti cha plastiki, uwasikilize wasichana hao wakiimba "sawa," kisha uwajibu, lakini si kama meneja.