Swali la Mzee Uwanjani: Mpiga Kura Mkongwe Mbele ya Kiongozi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya wamemwandikia mtawala kurasa nyingi kuliko walizomwandikia mtu anayesimama kumuuliza mtawala huyo swali. Tamaa ya kigogo, ukatili wake na anguko lake vimechambuliwa mara nyingi, tena kwa makini. Anayeuliza hupewa aya moja, aghalabu chini ya kichwa cha wahusika wadogo, na akiwa mzee huongezewa sifa ya hekima, mambo yakaishia hapo. Makala haya yanamshughulikia mwulizaji huyo. Yanadai kwamba mzee wa kawaida, mwenye akili timamu na jina katika daftari la wapiga kura, anayemtaka kiongozi wa taifa atoe jibu, hapewi nafasi yake katika baadhi ya kazi zinazosifiwa mno kwa ujasiri wao wa kisiasa. Nafasi hiyo imekaliwa na mwendawazimu, mzuka na shujaa wa kisasili. Ili hasara hiyo ieleweke, ni vyema kwanza kuutazama mkutano wa kampeni wenyewe, kama ulivyo katika mji wa Eldoret na viunga vyake.

Vitabu vya shule huutaja ulumbi kama kipera cha mazungumzo katika fasihi simulizi, lakini husimama kwenye sifa za mlumbi: ufasaha, ukwasi wa lugha, mvuto wa sauti. Katika mpangilio huo hakuna mahali pa anayemkatiza mlumbi. Hata hivyo, yeyote aliyesimama katika uwanja wa 64 au ule wa Kipchoge Keino msimu wa kampeni anajua kwamba utanzu huu hujengwa kwa maswali. Fanani huuliza: Mpo? Tumekubaliana? Si ni kweli? Hadhira huitikia kwa kishindo. Hayo si maswali ya balagha, kwa sababu balagha haihitaji jibu, ilhali hapa jibu linadaiwa na lisipotoka kwa sauti ya kutosha swali hurudiwa. Ni tashtiti: swali ambalo jibu lake linajulikana na wote kabla halijaulizwa. Kidole kimoja cha KANU, na vile vidole viwili vilivyoinuliwa na wafuasi wa FORD tangu mwaka 1991, vilikuwa majibu yaliyotangulia maswali. Hata tamko la Raila Odinga la Oktoba 14, 2002, "Kibaki tosha", lililopokewa nchini kote kama wimbo, lilifunga mlango wa kuuliza: anatosha kwa kazi gani, na kwa kipimo cha nani?

Hivyo basi, katika mkutano wa kampeni swali ni mali ya jukwaa. Uteuzi wa KANU wa mwaka 1988 uliifikisha hali hiyo mwisho wake. Kwa utaratibu wa mlolongo, mpiga kura alisimama nyuma ya wakala au picha ya mgombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Mwili wa raia ukageuzwa kuwa jibu. Mzee aliyekwenda kusimama kwenye mstari mfupi alikuwa ameuliza swali lake kwa mgongo, na kila jirani alimwona.

Mzee huyo hakuzaliwa akiitikia. Wazee wa Kinandi na wa Kikeiyo waliolelewa katika nyanda zinazoizunguka Eldoret walikijua chombo kingine cha usemi, yaani kokwet, baraza la majirani ambapo wazee huketi pamoja na kulizungusha neno kwa zamu. Katika kokwet aliyeitisha kikao hana haki ya kuyajibu maswali yake mwenyewe. Majirani wa asili nyingine, waliokuja kwa kazi za mashamba makubwa, kwa biashara au kwa kununua ardhi, nao walikuwa na mabaraza ya aina hiyo walikotoka. Mzee anaposimama uwanjani na kuinua fimbo, huwa anaingiza kanuni za utanzu mmoja ndani ya utanzu mwingine. Mgongano huo ni wa kifasihi kabla haujawa wa kisiasa.

Tuseme mzee mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu anauliza, kwa mfano tu: "Mwanangu, ile bei ya gunia mliyotuahidi imekwenda wapi?" Kwanza, swali hili limevaa sura ya tashtiti. Kila mtu uwanjani anajua jibu lake. Wakulima waliouzia ghala za Halmashauri ya Nafaka gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200 walitangaziwa bei ya shilingi 2,300 kwa mavuno ya mwaka 2018, kisha Januari 2019 ikapandishwa hadi 2,500 baada ya kelele nyingi. Mwaka 2024 yakaja mambo ya mbolea ya ruzuku isiyofikia kiwango. Mwulizaji basi haulizi ili ajue. Anachukua silaha ya jukwaa na kuigeuza ielekee jukwaani, kwa sababu anayepaswa kuitikia sasa ni mlumbi. Pili, swali lina tarakimu ndani yake hata zisipotamkwa, na ahadi za kampeni huogopa tarakimu. Tatu, neno "mwanangu" linafanya kazi ambayo "Mheshimiwa" haiwezi kuifanya. Kiongozi aliyezoea kutukuzwa (enzi za Moi neno rasmi lilikuwa "Mtukufu Rais") anateremshwa hadi kwenye kiti cha mtoto aliyetumwa dukani na kurudi bila chenji. Mwana hulazimika kumjibu mzazi. Kiambishi "m" katika "mliyotuahidi" kinawakamata wote walio jukwaani, hata wanaojifanya hawakuwapo.

Majibu ya kiongozi kwa swali la namna hii yanafaa kuhakikiwa kama mbinu za kisanaa. Iliyo nyepesi ni kicheko na "Mzee wangu", pamoja na mkono wa salamu mbele ya kamera. Iliyo hatari zaidi ni kuligeuza swali kuwa ombi: mzee aliuliza ahadi ilikokwenda, kiongozi anajibu kana kwamba ameombwa msaada, na papo hapo anatoa ahadi nyingine. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, muungano wa Kenya Kwanza uliendesha mabaraza ya kiuchumi katika kaunti, ambamo wakulima, wachuuzi na wahudumu wa bodaboda walitaja mahitaji yao, yakaandikwa kuwa mkataba. Lilikuwa jambo la maana, na si haki kulidharau. Lakini kwa upande wa utanzu, mabaraza yale yalipokea orodha ya mahitaji. Anayewasilisha hitaji hawi tena mwulizaji. Mdahalo wa urais wa Julai 26, 2022, ambao William Ruto alihudhuria peke yake baada ya Raila Odinga kususia, uliwakabidhi waandishi wa habari kazi ya kuuliza. Raia mkongwe alibaki mtazamaji nyumbani.

Katika Eldoret kuna ugumu mwingine ambao hauwezi kurukwa. Baada ya mapigano ya mwaka 1992 katika eneo la Burnt Forest, na baada ya watu kuteketezwa ndani ya kanisa la Kiambaa Januari 1, 2008, swali lolote la hadharani hupita kwanza kwenye lafudhi ya anayeuliza. Hadhira husikia jina na kijiji kabla ya kusikia bei ya gunia. Mzee mwenye lafudhi ya wenyeji anayemuuliza kiongozi wa jamii yake huitwa msaliti, na mwenye lafudhi nyingine huulizwa yeye mwenyewe swali: wewe umetoka wapi? Maneno yaleyale yanabadilika maana kwa mujibu wa kinywa. Nadharia inayolichukulia swali kama matini iliyojitenga na mwili wa msemaji haina la kutwambia hapa.

Fasihi andishi imefanya nini na mtu huyu? Mfano wa kutangulia wote si mzee. Mwaka 1968, baada ya wagombea wa chama cha KPU kuzuiwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa wa miaka 22, aliandika kijikaratasi chenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi ya kifungoni yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki (1973). Uzito wa kichwa kile umo katika kiambishi: si "mwatupeleka wapi", bali "twendapi". Mwulizaji amejiingiza safarini pamoja na dereva. Dola ililielewa kuwa swali la kweli, lisilo balagha wala tashtiti, na ikalijibu kwa kifungo. Yamkini waandishi waliofuata walijifunza kutokana na adhabu hiyo kwamba swali la moja kwa moja linahitaji kufunikwa.

Kifuniko maarufu kuliko vyote ni Matigari wa Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1986. Mpiganaji wa zamani anatoka msituni na kuzunguka nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi, hadi anapomkabili waziri mkutanoni. Ngũgĩ ameeleza kwamba mapema mwaka 1987 taarifa za kijasusi zilisema kuna mtu aitwaye Matigari anayeuliza maswali, amri ya kumkamata ikatoka, na ilipogunduliwa kuwa ni mhusika wa kubuni kitabu kikakamatwa badala yake. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Ndani yake mna ushahidi mzito: serikali iliona uwezekano wa kuwapo kwa mzee wa kawaida anayeuliza, pengine kuliko mtunzi mwenyewe. Kwani katika riwaya Matigari si wa kawaida. Uso wake hubadilika kutoka ukongwe hadi ujana, habari zake huwa uvumi, na baada ya mkutano wa waziri anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Wazimu huo unarudi katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora. Matuko Weye, askari mstaafu, anasema mbele ya umati mambo ambayo raia wengine wa Sokomoko huyanong'ona tu kuhusu Mtemi Nasaba Bora. Wahakiki wengi humsifu kama kinywa cha ukweli. Sifa hiyo ni ya haraka mno. Mwandishi anapompa mwendawazimu ukweli, anawaruhusu wenye akili timamu wanyamaze, na anampa Mtemi udhuru wa kutojibu, maana ni nani hujibu maneno ya mwehu? Matuko ana umri na historia inayomstahilisha kuuliza alichopata kutokana na utumishi wake. Hilo ni swali la mstaafu yeyote. Mtu kama huyo angeweza kupatikana Eldoret miongoni mwa waliofanya kazi Rivatex kabla kiwanda hicho hakijaanguka na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na hakuna ambaye angehitaji kichaa ili kulitamka.

Pauline Kea, katika tamthilia ya Kigogo, anachagua ndoto. Upinzani wa hadharani dhidi ya Majoka umewekwa mikononi mwa vijana, Tunu na Sudi. Mzee anayemhoji mtawala ni Babu, naye hutokea tu pale Majoka anapokuwa amepoteza fahamu. Kisanaa onyesho hilo lina nguvu kuliko maonyesho mengi ya maandamano katika tamthilia hiyo, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo Majoka anasikiliza bila walinzi wala washauri kumzunguka. Lakini gharama yake ni kubwa. Mazungumzo hayana shahidi. Babu ni mhenga, si mpiga kura. Hana bei ya gunia ya kudai wala jirani wa kumwogopa, na Sagamoyo haisikii hata neno moja la mahojiano hayo.

Inaweza kutolewa hoja ya kuwatetea watunzi hawa kwamba udhibiti uliwalazimisha kujificha. Kwa Ngũgĩ hoja hiyo inakubalika bila mjadala. Kwa kazi zilizotoka baada ya Katiba ya mwaka 2010 inakubalika kwa shida, na inaelekea kwamba mazoea ya kisanaa yameishi zaidi ya sababu yake. Wazimu na ndoto vimekuwa mapambo. Isitoshe, mambo yaliyotokea nje ya vitabu hayakungoja ruhusa. Februari 28, 1992, mwaka wa uchaguzi, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wakiwa na umri mkubwa, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu Amos Wako kuuliza kwa nini wana wao wangali gerezani, kisha wakapiga kambi katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Machi 3 polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo. Hawakuwa wendawazimu, wala hawakutoka msituni au ndotoni. Walikuwa na majina, wana na tarehe za kufungwa kwa wana hao, nao walikaa pale wakingoja kujibiwa. Katika kazi tatu za kubuni zilizojadiliwa hapa hakuna mhusika mzee wa kike anayepewa onyesho kama lile.