Msitu Ulio Mbali na Nani? Uhakiki wa Insha Yangu Mwenyewe

Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika insha ya masimulizi kuhusu safari ya familia yetu kutoka Kampala hadi msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa gari la kukodi. Ilipata alama nzuri, na mhadhiri akaandika pembeni kwamba mandhari yamechorwa vizuri. Hivi karibuni niliisoma tena nikitafuta mfano wa kuwapa wenzangu wa mwaka wa kwanza. Sikuweza kuwapa. Naomba niihakiki hapa kama tunavyohakiki kazi ya mtu yeyote, maana tumezoea mno kukosoa waliokwisha kufa, wasioweza kujibu.

Kwanza muundo. Insha ina kurasa nne. Mbili na nusu ni za gari: bei yake, baba akibishana kuhusu amana, kituo cha Kayabwe ambapo wasafiri hushuka kupiga picha kwenye mstari wa ikweta, halafu pancha baada ya Mbarara, na spea ambayo nayo haikuwa na upepo. Sehemu hii inachekesha na bado naipenda. Lakini ina gharama. Kila kitu kinaonekana kupitia kioo cha mbele. Migomba ya Masaka inapita, ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanapita, vilima vya Rukungiri vinapita, na nchi inasimama tu pale tairi linapoishiwa upepo. Tunapofika Buhoma, kwenye lango la hifadhi, msomaji amekwisha kuzoeshwa kwamba barabara ikikoma, dunia nayo imekoma. Ndipo msimulizi wangu anapotangaza kwamba tumewasili katika "pori la mbali lisilopenyeka".

Maneno hayo matatu yananiaibisha. "Lisilopenyeka" sikulibuni, limo katika jina la Kiingereza la hifadhi hiyo, nami nikalitafsiri bila kulihoji. Kauli ya kutendeka ina hila yake, kwamba humficha mtendaji. Msitu haupenyeki, lakini ni nani aliyeshindwa kuupenya? Watwa waliishi humo wakiwinda na kurina asali, hadi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 nao wakaondolewa. "Pori" ni kosa la wazi zaidi. Kiswahili kina msitu, mwitu, pori na nyika, na pori ni ardhi ya vichaka isiyolimwa. Bwindi ni msitu wa milimani, unaopanda hadi zaidi ya mita 2,600. Nilichagua pori kwa sababu lina mlio wa hatari. Nilitaka tuonekane mashujaa, nasi tulikuwa watu wanne ndani ya gari lililojaa chapati na soda.

Mtu anaweza kunitetea kwamba ndivyo fasihi ya safari inavyoandikwa. Ni kweli kwamba Stanley alipotoa kitabu chake cha 1890 kuhusu kuvuka msitu wa Kongo, ng'ambo ya mpaka wetu, aliweka giza kwenye jina lake. Lakini Tippu Tip, aliyeufahamu msitu huo na kusafiri na Stanley mwaka 1876, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na simulizi lake limejaa majina ya watawala, ya mahali, na frasila za pembe. Msitu kwake una wenyewe. Simsifu mtu huyu. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na kujua jina la mtu hakukumzuia kumpora. Nasema tu kwamba lugha ninayoisomea haikunilazimisha kuandika kama nilivyoandika.

Sasa wahusika. Katika ukurasa wa mwisho yumo mzee wa Kitwa aliyetuonyesha jinsi ya kuwasha moto kwa vijiti. Nimemwita "mwenyeji wa msitu". Mwenyeji ni mwenye mahali, ndiye anayemkaribisha mgeni. Mzee huyu alituonyesha moto nje ya mpaka wa hifadhi, mbele ya watalii, kwa kiingilio. Sisi wageni ndio tulioingia msituni asubuhi yake, na vibali mkononi, tukakaa na gorila saa moja iliyoruhusiwa. Insha haioni kinyume hicho. Inamsifu mzee kwa tabasamu lake.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni la sentensi moja: "Tulipofika Kihihi tulimuuliza mwenyeji njia." Aliyeuliza ni mama. Alishusha kioo akasalimia kwa Rukiga, lugha ya kwao, na yule bwana akaacha baiskeli yake, wakaulizana habari za koo na mazishi kwa muda ambao baba aliuona mrefu sana. Mama alizaliwa upande huo. Kwake safari ile ilikuwa ya kurudi. Insha imemtumbukiza ndani ya "sisi", ikamnyang'anya lugha yake, kisha ikauita mbali mkoa aliozaliwa. Nilijua yote hayo nilipokuwa naandika. Niliyaacha kwa sababu yalivuruga dhamira ya ugeni niliyokwisha kuichagua.

Na kuna nafasi tupu. Insha inasema "familia yetu iliona gorila". Mdogo wangu hakuwaona. Alikuwa na miaka 13, na sheria ya hifadhi inataka mtu awe ametimiza 15. Alibaki kwa shangazi yake mama, kijijini, na katika kurasa zangu nne hatajwi.

Nilipoanza uhakiki huu nilimwomba aandike kumbukumbu yake ya siku ile. Ameandika kurasa tatu. Zinaanza na uji wa mtama, watoto wa jirani waliomfundisha kuhesabu kwa Rukiga, na bibi aliyemwonyesha kwa fimbo kilima alikochanja kuni mama yetu alipokuwa msichana. Msitu umo: ni sauti za ndege na ukungu unaochelewa kuondoka juu ya mashamba ya chai. Gari limetajwa mara moja, kwenye sentensi ya mwisho, likipiga honi tumwahishe atoke.