Tovuti za Ndani ya Hadithi: Namna ya Kupima Ubora Wake katika Tamthilia za Kisayansi

Tovuti ya ndani ya hadithi ni tovuti ambayo watayarishaji wa tamthilia ya televisheni huiweka kwenye intaneti kana kwamba imetengenezwa na mtu, kampuni au idara iliyomo katika hadithi yenyewe, hivyo kwamba anayeifungua hakuti majina ya waigizaji wala ratiba ya vipindi, bali hukuta yale ambayo mhusika mwenyewe angeyakuta. Sanaa hii imestawi hasa katika tamthilia za kisayansi, yaani zile zinazojengwa juu ya teknolojia ya kubuni, viumbe wa sayari nyingine au safari za kuvuka wakati, kwa kuwa ulimwengu wa namna hiyo huwa na mashirika na siri nyingi kuliko zinavyoweza kuelezwa katika muda mfupi wa sehemu moja. Wengi wamezoea kuihesabu kuwa ni tangazo tu, na kwa kazi nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Lakini zipo chache ambazo ni uandishi kamili, zinazostahili kukaguliwa kwa umakini uleule unaotumika katika kukagua riwaya.

Jambo la kwanza kukaguliwa, na ndilo kuu, ni mwenye tovuti. Mkaguzi hana budi kuuliza ni nani ndani ya hadithi aliyeiandika, alikuwa na haja gani ya kuiandika na alimkusudia msomaji gani; majibu hayo yasipopatikana katika maandishi yenyewe, kazi hiyo ni pungufu hata ikipambwa vipi. Mfano ulio wazi ulitolewa na BBC ya Uingereza ilipoirudisha Doctor Who hewani tarehe 26 Machi 2005. Katika sehemu ya kwanza, msichana aitwaye Rose anatafuta kwenye intaneti habari za mgeni aliyemwokoa, anabadilisha maneno ya kutafutia mpaka anapotaja sanduku la buluu, ndipo anapoifikia tovuti ya Clive, mwanamume anayekusanya kila habari ya mgeni huyo na kuwaomba waliomwona wawasiliane naye. Tovuti hiyo ilikuwepo kweli, na mtazamaji aliweza kuifungua nyumbani kwake. Rose anapokwenda kuonana na Clive, anaambiwa kwamba mengi ya mambo hayo ni nyeti na yasingeweza kutumwa hivihivi tu, kauli inayoeleza kwa nini tovuti yenyewe haisemi yote; mwandishi mzuri wa kazi hizi hujua kwamba anachokificha mwenye tovuti kinamtambulisha sawasawa na anachokiandika.

Clive anauawa katika sehemu hiyohiyo. Kwa mtengenezaji mvivu huo ungekuwa mwisho wa tovuti, au, vibaya zaidi, tovuti ingeendelea kana kwamba hakuna msiba uliotokea. Waandishi wa BBC waliikabidhi kwa Mickey, mpenzi wa Rose, na kwa hatua hiyo moja mkono ulibadilika na sababu ya kuandika ikabadilika pia, kwani Clive aliandika kwa udadisi wa mkusanyaji, ilhali Mickey ni kijana aliyeachwa nyuma na mchumba aliyeondoka pamoja na mgeni yuleyule anayechunguzwa. Tovuti iliyo bora, basi, husogea pamoja na hadithi na kubeba makovu yake, na anayetaka kuihukumu aisome kwa kufuata mpangilio wa sehemu zilivyorushwa, si kwa kuipitia mara moja tu baada ya yote kwisha.

Kampuni za kubuni ni mtihani mgumu zaidi kuliko watu binafsi, kwa sababu tovuti halisi za kampuni huchosha, na mtengenezaji analazimika kuiga uchoshi huo bila kumchosha msomaji. Tovuti ya Primatech Paper, ambayo katika Heroes ya NBC, iliyoanza mwaka 2006, ni kampuni ya karatasi ya Odessa, Texas, inayotumiwa kuwa pazia la kundi linalowasaka watu wenye vipawa visivyo vya kawaida, ilifaulu kwa kuonekana kuwa ya kampuni ya karatasi kweli. Hata hivyo, kilele cha ustadi huu ni kazi iliyofanywa kwa ajili ya Westworld, tamthilia ya HBO iliyoanza mwaka 2016, ambamo kampuni ya Delos inawauzia matajiri likizo katika bustani iliyojaa roboti zenye sura na tabia za binadamu. Tovuti ya kampuni hiyo iliwekewa masharti ya matumizi, yale maandishi marefu ya kisheria ambayo watu hubofya kuyakubali pasipo kuyasoma, na humo ilielezwa kwamba mgeni akishaingia, kampuni itamiliki daima chembe za ngozi, nywele, mate, jasho na damu atakazoziacha. Msimu wa pili uliporushwa mwaka 2018, hadithi ilifunua kwamba Delos ilikuwa ikikusanya kwa siri kumbukumbu za mienendo ya wageni pamoja na DNA yao. Hapana neno hata moja katika masharti hayo linalomkonyezea msomaji jicho. Siri imekaa palepale ambapo kampuni halisi ingeiweka, katika lugha ya wanasheria, na aliyeipata aliipata kwa kusoma tu.

Milango iliyofungwa kwa nywila, yaani neno la siri la kuingilia, hupendwa sana na watengenezaji, lakini thamani yake ni ndogo isipokuwa inapotoka katika tukio la hadithi. Katika Doctor Who, Mickey anapoelekezwa kwa simu kuingia katika tovuti ya UNIT, jeshi linalopambana na viumbe wa nje, anapewa neno "buffalo", na neno hilohilo lilimfungulia mtazamaji sehemu ya ndani ya tovuti iliyowekwa na BBC.

Suala linalozua ubishi zaidi ni kiasi gani cha hadithi kiwekwe nje ya televisheni. Mwaka 2006, kati ya msimu wa pili na wa tatu wa tamthilia ya Lost, watayarishaji waliendesha mchezo mpana ulioitwa The Lost Experience, uliohusu tovuti ya Wakfu wa Hanso, shirika la ndani ya hadithi, na humo wakaeleza kwamba namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42, zilizowasumbua watazamaji tangu msimu wa kwanza, zimetokana na mlinganyo wa Valenzetti unaotabiri mwisho wa binadamu. Msimu wa mwisho, mwaka 2010, ulizipa namba hizo maana nyingine, ya watu walioteuliwa kukilinda kisiwa cha hadithi hiyo, bila kuipatanisha na ile ya kwanza. Kwa wingi wa ubunifu, kazi ile haina mfano wake, lakini ilikosea katika mpaka: tovuti iongeze kina kwa anayeitembelea, isimnyime asiyeitembelea jibu la swali lililoulizwa kwenye skrini.

Rangi, nembo na picha hazihitaji mjadala mrefu, kwani siku hizi ni wachache wanaozikosea. Kasoro inayobaki ni kitufe cha kumwalika msomaji atazame sehemu ijayo, ambacho huvunja kila kilichojengwa. Uhifadhi ndio unaodai uangalifu. Tovuti nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa Flash, programu ya kuonyesha picha zinazotembea, ambayo Adobe ilisitisha huduma yake tarehe 31 Desemba 2020, na nyingine zilipotea kwa sababu anwani zake hazikulipiwa tena. Anayetaka kujifunza kuzipima aanze mapema na nakala zilizosalia katika hazina ya Internet Archive, hasa kurasa za maandishi matupu, kwa sababu ndizo zinazosomeka hadi leo, na ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi kama mwandishi alijua kazi yake.