Peel: Albamu ya Mtoto wa Kariokor Iliyonishika Mateka

Acheni mnachofanya mnisikilize. Kuna albamu inaitwa Peel, ilitoka Julai 2020, imetengenezwa hapa hapa Nairobi, na mimi mkazi wa Eastlands ndiyo kwanza naisikia wiki hii. Tangu hapo masikio yangu hayataki kitu kingine! Mwenyewe anajiita KMRU. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru, kijana aliyezaliwa 1997 na kukulia Kariokor kabla ya kuhamia Rongai. Wa kwetu kabisa.

Haina ngoma. Haina mwimbaji wala kiitikio. Ukiifungulia, sauti moja nzito inaingia polepole, nyingine inapenya chini yake, halafu nyuma kabisa unahisi kama watu wanaongea mbali, au upepo unapita kwenye mabati, au kuna mlango unaburutwa. Kabla hujapata uhakika, kila kitu kimeshayeyuka. Vipande ni sita tu, lakini jumla yake inapita saa moja, na hakuna hata dakika moja niliyotamani kuiruka.

Kamaru hutembea na kinasa sauti. Hunasa mitaa, vyumba, ndege, mashine, kisha huvichanganya na sauti za kompyuta hadi usijue kipi ni kipi. Peel aliimaliza kwa siku mbili hivi, akiwa amerejea nyumbani kutoka Montreal, wakati janga la korona linaanza kufunga dunia. Siku mbili! Kuna watu hukaa studio mwaka mzima wasipate hata robo ya utulivu huu.

Na mwaka wenyewe mnaukumbuka. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jogoo Road ikawa tupu. Nganya za 58, matatu ambazo spika zake hutikisa madirisha ya Buruburu, zikanyamaza. Ndipo tukausikia mtaa wenyewe: jerikeni likijazwa maji ghorofa ya juu, mtoto akikohoa ploti ya pili, geti, mbwa, redio ya jirani inayozungumza peke yake. Nilidhani sauti zile zimepotea na kipindi kile. Sasa nazisikia tena ndani ya Peel, zimepanuliwa, zimepunguzwa mwendo, zimepewa heshima ambayo hatukuwahi kuzipa.

Eastlands tunajulikana kwa kelele, na tunajivunia. Kalamashaka walitokea Dandora wakaifanya rapu ya Kiswahili iogopwe. Ethic wakatoka Umoja 2018 na gengetone ikafagia nchi nzima. Nawapenda wote. Lakini sikujua kwamba masikio yaliyolelewa kwenye vurugu hiyo hiyo, jirani na soko la Kariokor ambako mafundi wa viatu vya ngozi hugonga nyundo kutwa, yanaweza kutoa kazi ya upole namna hii. Wapo wanaoiita muziki wa kulalia. Nawapinga kabisa! Huu ni muziki wa kukesha, wa mtu aliyetulia akasikiliza kila kitu.

Nenda kwenye kipande cha mwisho, kinachobeba jina la albamu. Kinapita dakika 20. Kinaanza kidogo mno, unadhani simu imekwama, kisha sauti zinajengeka tabaka juu ya tabaka, kama pilau inayopaliwa moto juu na chini, hadi unajikuta zimekujaa mwili mzima na hujui ni lini ilitokea. Nimekirudia na kukirudia. Nywele zinasimama kila mara.

Halafu damu yenyewe! Babu yake KMRU ni yule Joseph Kamaru mwingine, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018, ambaye baada ya mauaji ya mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975 hakuogopa kuimba. Mjukuu ameanza kuzitoa upya nyimbo za babu ili zisipotee. Babu alisema kwa maneno. Mjukuu hasemi neno, na bado nasikia ukaidi ule ule wa kutokubali kuharakishwa.

Peel ilitolewa na Editions Mego, lebo ya Vienna, Austria. Mwaka huo huo Kamaru alikwenda kusoma Berlin, na tangu hapo kazi zake zimefuatana: Logue mwaka 2021, Temporary Stored mwaka 2022, Natur mwaka 2024. Naanza kuzipitia moja moja, lakini sioni itakayoiondoa hii moyoni mwangu.

Onyo moja tu: usiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote inamezwa na unabaki na mvumo mwembamba usio na maana. Tafuta hedifoni nzuri, azima ikibidi. Panda matatu ya jioni kutoka mjini, kaa dirishani, foleni ikikupata pale City Stadium usinune, bonyeza. Iko Bandcamp. Inunue, mtoto wa Kariokor alipwe.