Mwani Unavyofichua Dawa za Magugu Ndani ya Maji

Atrazini na diuroni huua magugu kwa kuziba njia ya elektroni ndani ya jani. Klorofili ikipigwa na mwanga, elektroni hutolewa kwenye maji na kupokezanwa na molekuli kadhaa. Mmoja wa wapokezi hao, plastokwinoni, hukaa katika mfuko mdogo wa protini iitwayo D1, hupokea elektroni mbili, kisha huondoka nazo. Dawa hizo huukalia mfuko huo kabla yake. Elektroni hukwama, na sehemu ya nishati isiyopata kazi hutoka kama mng'ao mwekundu. Uhusiano wa mng'ao huo na usanisinuru ulielezwa na Hans Kautsky nchini Ujerumani mwaka 1931.

Vihisi vya kibayolojia hutumia mkwamo huohuo. Seli za mwani kama Chlorella vulgaris hunaswa kwenye chujio au ndani ya jeli ya alginati. Sampuli ya maji hupitishwa, seli humulikwa, na mng'ao hupimwa. Ukizidi ule wa maji safi, kuna kinachozuia. Vihisi vingine hupima mkondo wa umeme kwenye elektrodi, na hapo dalili ni kupungua. Umoja wa Ulaya huruhusu mikrogramu 0.1 tu ya kiuatilifu kimoja katika lita ya maji ya kunywa, na baadhi ya vihisi hivi vimeweza kugundua diuroni chini ya kiwango hicho.

Badala ya seli, vihisi vingine hutumia utando uliotolewa kwenye kloroplasti, ambao hujibu upesi lakini huchakaa mapema. Seli nzima hudumu zaidi, ila dawa lazima kwanza ipenye ndani.

Ugumu mkubwa ni kuitambua dawa yenyewe, kwa kuwa kihisi huonyesha athari, si jina. Hapa magugu sugu yamesaidia sana. Mengi yanayostahimili atrazini yamebadilika mahali pamoja katika D1: serini ya nafasi ya 264 imekuwa glisini. Mwani wenye badiliko kama hilo ukiwekwa sambamba na wa kawaida, tofauti ya majibu yao huashiria kundi la dawa. Hata hivyo shaba na metali nyingine nzito nazo huvuruga usanisinuru, hivyo sampuli yenye dalili hupelekwa maabara kwa kromatografia. Glaifosati haionekani moja kwa moja kwa njia hii, maana huzuia kimeng'enya cha kutengeneza asidi amino, mbali na protini ya D1.