Gathoni na Wazazi Wake: Ugomvi wa Umri au wa Tabaka?

Wako wahakiki ambao, wakimwona mama na binti yake wanagombana jukwaani, husema mara moja kwamba huo ni mgongano wa vizazi, ukale kwa usasa. Maelezo hayo yanapendwa sana kwa sababu hayamgusi mwenye mali. Sisi tunayakataa, na mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, unatupa sababu ya kuyakataa.

Kiguunda ni kibarua katika shamba la tajiri Ahab Kioi. Mali yake ni eka moja na nusu tu, na hati ya ardhi hiyo ameitundika ukutani. Binti yake, Gathoni, amechoka kuvaa matambara. Akijipamba, mama yake Wangeci humkaripia. Mpaka hapo ni ugomvi wa kila nyumba. Lakini tutazame kila mmoja wao anaelekea wapi. Gathoni anapanda gari la John Muhuuni, mtoto wa Kioi, anakwenda naye Mombasa, kisha anapata mimba na kuachwa. Wazazi nao, Kioi na mkewe wanapokuja kuwashawishi wafunge ndoa ya kanisani, wanadhani posa ya binti yao iko njiani. Wanaiweka rehani ile hati benki ili wapate fedha za arusi. Binti amekwenda kwa Kioi kwa gari, wazazi wamekwenda kwa hati, na mlango ni ule ule. Mzazi anayemgombeza mwanawe kwa kutamani gauni, mwenyewe anaota suti na keki. Kasumba haikuuliza umri wa mtu.

Tena nyumbani kwa Kioi wamo vilevile baba na mwana, wala hatuoni ugomvi wa vizazi kati yao. Mwana anamharibia binti wa kibarua maisha, baba anakataa asimwoe. Mali imewapatanisha! Wanaogombana ni wale wasio na kitu, maana kila mmoja anamlaumu aliye karibu naye. Mwishowe ardhi inapigwa mnada, na Kiguunda anabaki na ulevi.

Watu wa Kamiriithu, huko Limuru, waliuelewa mchezo huu kwa vitendo. Wakulima na wafanyakazi walijenga wenyewe ukumbi wa wazi, na wazee wakawasahihisha waandishi lugha na nyimbo mbele ya vijana waliokuwa wakijifunza. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba, 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Serikali haikufanya yote hayo kwa kuogopa mabinti wasiowatii mama zao.

Hata hivyo, mchezo huu una upungufu ambao hatuwezi kuunyamazia. Baba yake anamfukuza Gathoni, naye anaishia kufanya kazi ya baa. Gicaamba, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu na mwenye mwamko kuliko wote, anawakataza wazazi wasimwite malaya. Anasema watoto hawana kosa. Maneno hayo ni ya haki kabisa, ila yanasemwa Gathoni akiwa hayupo. Kiguunda na Wangeci wanaelimishwa na jirani yao tangu mwanzo hadi mwisho, wanabishana, wanafunguka macho. Gathoni hapewi nafasi hiyo. Je, mhudumu wa baa si mfanyakazi wa mshahara? Kama umoja wa wanyonge ndio shabaha, kwa nini yeye, aliyenyonywa jasho na mwili pia, anaachwa nje ya umoja huo? Hata jina la mchezo, lenye kudai hiari ya kuoa au kuolewa, limetoka katika wimbo wa mlevi, si kinywani mwa msichana.

Mwaka 2022 mchezo huu ulionyeshwa tena Nairobi, katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya. Vikundi vyetu vya sanaa vikiutwaa, vifikirie namna ya kumrudisha Gathoni jukwaani kabla ya wimbo wa mwisho, na kumpa la kuwaambia wazazi wake na la kumwambia Gicaamba.