Saa 165,000 za Kubana Mpira: Somo la Upumuaji Lililofundishwa Copenhagen

Mwaka 1952 polio ililipuka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Kati ya Julai na Desemba, Hospitali ya Blegdam, iliyohudumia magonjwa ya kuambukiza ya jiji hilo, ililaza wagonjwa zaidi ya 2,700. Zaidi ya 300 kati yao walishindwa kupumua au kumeza bila msaada, na hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu pamoja na mashine ndogo sita za kufunika kifua. Yaliyofuata yameandikwa sana katika historia ya tiba ya wagonjwa mahututi. Kama somo la mfumo wa upumuaji hayajatumiwa inavyostahili, ingawa wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa tiba ya meno walijifunza mfumo huo kwa namna ambayo hakuna darasa lililowahi kuipanga: waliwapumulia watu wengine kwa mikono yao.

Pumzi huanzia kwenye misuli, si kwenye mapafu. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hujikaza na kushuka, misuli ya katikati ya mbavu huinua kifua, nafasi ya ndani huongezeka, na shinikizo la humo linaposhuka chini ya lile la nje, hewa huingia yenyewe. Misuli ikilegea, mapafu hunywea na hewa hutoka. Virusi vya polio haviyagusi mapafu. Huziua neva zinazoiamuru misuli hiyo. Wagonjwa wengi wa Copenhagen walipata pia pigo la pili. Virusi vilishambulia shina la ubongo, koromeo likapooza, wakawa hawawezi kumeza wala kukohoa, na mate yakateremka kwenye njia ya hewa. Pafu la chuma, silinda inayoufunika mwili wote isipokuwa kichwa na kupunguza shinikizo kukizunguka kifua, liliweza kusaidia tatizo la kwanza. La pili lililizidisha, kwa kuwa kila lilipotanua kifua lilivuta pia kila kilichojikusanya kooni.

Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliowekwa kwenye mashine hizo, 27 walikufa. Madaktari wa wodi hawakukosa vipimo, walikosea kuvisoma. Damu ya wagonjwa ilionyesha kiwango kikubwa cha jumla ya kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya gesi hiyo husafiri katika damu ikiwa bikaboneti, wakahitimisha kwamba damu imekuwa na alikali nyingi kwa sababu isiyojulikana. Ngozi za wagonjwa wengi hazikuwa za bluu, maana walipewa oksijeni. Walitokwa jasho jingi, shinikizo la damu likapanda, wakapoteza fahamu, wakafa. Ilidhaniwa kwamba ubongo ndio ulioharibiwa na virusi.

Bjørn Ibsen, mtaalamu wa dawa za usingizi, aliitwa mwezi Agosti baada ya mkuu wa hospitali, H. C. A. Lassen, kukubali ushauri wa daktari mwenzake. Ibsen hakuwa bingwa wa polio, na pengine hilo ndilo lililomsaidia. Katika chumba cha upasuaji alikuwa amezoea kumpumulia mtu ambaye misuli yake imelegezwa kwa dawa. Alipozichunguza maiti nne aliona kwamba mapafu hayakuwa yameharibika kiasi cha kueleza vifo vile. Jibu lake likawa fupi: wagonjwa hawatoi hewa ukaa, nayo inapolundikana katika damu huigeuza kuwa ya asidi. Jumla ya kabonidayoksaidi peke yake haiwezi kutofautisha hali hizo mbili. Kinachozitenganisha ni kipimo cha pH. Poul Astrup, mkuu wa maabara, alikipima, na damu ikathibitika kuwa ya asidi.

Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12, aliyepooza mikono na miguu, alitobolewa shingoni chini ya koromeo na kuwekewa mrija wenye puto. Puto hilo likijazwa hewa huziba nafasi kati ya mrija na koo la hewa, hivyo mate hayateremki na hewa inayosukumwa kwa kubana mfuko wa mpira haivuji. Mwanzoni jaribio lilielekea kushindwa. Mtoto alihangaika, njia zake za hewa zikabana, mfuko wa mpira haukuweza kuingiza kitu. Ibsen akampa thiopentali, dawa ya usingizi. Jitihada za mtoto mwenyewe za kupumua zikakoma, na mfuko ukaanza kufanya kazi. Jasho likakauka, shinikizo la damu likashuka. Aliporudishwa kwa majaribio kwenye mashine ya kifua, dalili zilirejea. Alipopumuliwa tena kwa mfuko, zikatoweka. Kwa mwalimu, hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu mgonjwa yule yule alikuwa pia kipimo cha kulinganishia.

Baada ya hapo kilichohitajika kilikuwa mikono. Wanafunzi walikaa kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, kila mmoja na mfuko wake, mchanganyiko wa oksijeni na naitrojeni, na kopo la chokaa ya soda lililofyonza hewa ukaa. Katika kilele cha mlipuko wagonjwa wapatao 70 walipumuliwa hivyo kwa wakati mmoja, na kazi yote inakadiriwa kufikia saa 165,000. Vifo miongoni mwa wagonjwa wa aina hiyo vilishuka kutoka karibu tisa katika kila kumi hadi takriban mmoja katika kila wanne.

Mwanafunzi hakuwa na skrini ya kumwonyesha chochote. Alitazama kifua kikiinuka, akahisi ugumu wa mfuko, akapapasa mapigo, akachunguza jasho. Mfuko ulipokuwa mgumu ghafla, makohozi yalikuwa yameziba mrija au njia za hewa zimebana. Wagonjwa wengi walikuwa na fahamu, na asiyeweza kunena aliashiria kwa macho au midomo kwamba anataka pumzi kubwa zaidi. Ilibidi pia mkono ujue kuachia. Hewa inayosukumwa hupandisha shinikizo kifuani na kupunguza damu inayorudi kwenye moyo, hivyo asiyempa mgonjwa muda wa kutoa pumzi humshushia shinikizo la damu.

Darasani kisa hiki huhitaji hesabu moja. Mtu mzima akivuta mililita 500 mara 12 kwa dakika, huingiza lita 6. Lakini takriban mililita 150 za kila pumzi huishia puani, kooni na kwenye mirija, mahali ambapo damu haikutani na hewa. Zinazofika kwenye viribahewa, vifuko vidogo vya mapafu vinamokutana hewa na damu, ni 350, yaani lita 4.2 kwa dakika. Misuli ikidhoofu, akavuta mililita 250 mara 24, jumla itabaki lita 6 zile zile, ila kwenye viribahewa zitafika lita 2.4 tu. Hewa ukaa katika damu, ambayo kwa kawaida ina shinikizo la milimita 40 za zebaki, itapanda hadi karibu 70. Akipewa wakati huo hewa yenye asilimia 50 ya oksijeni, shinikizo la oksijeni katika viribahewa vyake litakuwa karibu 270, dhidi ya 100 ya mtu wa kawaida. Atakuwa na rangi nzuri, naye anakufa.

Vitabu vingi huanza na pua na kushuka hadi kwenye viribahewa, kisha oksijeni, na hewa ukaa ikatajwa mwishoni kama taka. Mpangilio huo ni rahisi kutungia mtihani, lakini humwacha mwanafunzi akiamini kwamba mgonjwa mwenye oksijeni ya kutosha anapumua vya kutosha. Ni heri kuanza na mfuko na hesabu, majina ya matawi ya mirija yafuate.

Ibsen alifungua kituo cha wagonjwa mahututi katika hospitali nyingine ya Copenhagen mwishoni mwa 1953. Mwaka 1956 Mdenmark mwingine, Henning Ruben, alitoa mfuko unaojijaza wenyewe bila mtungi wa gesi. Ndio unaojulikana hadi leo kama ambu, na wakunga wa Afrika Mashariki huutumia kwa watoto wanaozaliwa bila kupumua.

Kisa cha Blegdam kina mpaka wake. Mapafu ya wagonjwa wale kwa sehemu kubwa yalikuwa mazima. Kilichoharibika kilikuwa pampu. Katika nimonia mambo hugeuka. Viribahewa hujaa majimaji, damu hupita bila kukutana na hewa, oksijeni hupungua kwanza, na hewa ukaa huweza kuwa chini ya kawaida kwa kuwa mgonjwa anahema haraka. Anayetaka kufundisha ubadilishanaji wa gesi atafute kisa kingine.